Kuwapiga Picha Wazee Waliopigana: Jibu kwa Mpiga Picha wa Dodoma kuhusu Siku ya Mashujaa

Swali: Mimi ni mpiga picha wa harusi na mahafali hapa Dodoma, na nina miaka minne katika kazi hii. Umoja wa wazee waliostaafu jeshi, ambao babu yangu mzaa mama ni mmoja wao, umeniomba niwapige picha Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Sijawahi kufanya kazi kwenye shughuli ya kijeshi. Nisimame wapi, kamera niipange vipi kwenye jua lile, na je, ni adabu kumpiga picha mzee anayetokwa na machozi? Tena wenzangu wananishauri picha zote nizigeuze ziwe nyeusi na nyeupe ili zionekane za heshima. Naomba mwongozo wako, mwalimu.

Jibu: Binti yangu, umeuliza mambo manne, nami nitaanza na la tano ambalo hukuliuliza, kwa sababu lisipopatiwa jibu hayo manne yote yatakuwa kazi bure: majina yao utayapataje, na utayahifadhi wapi?

Kwenye harusi jambo hili halikusumbui, maana bwana na bibi harusi wanawajua watu wao, na albamu ikifunguliwa miaka ishirini baadaye bado atakuwepo shangazi wa kusema huyu ni fulani. Picha ya mzee aliyevaa bereti na nishani haina shangazi. Mimi mwenyewe nina sanduku la negativu za miaka ya tisini, zenye nyuso nzuri za wazee niliowapiga kwenye shughuli kama hizi, na leo sina hata jina moja la kuandika chini yake. Wajukuu wao huenda wako Mpwapwa au Manyoni wanatafuta sura ya babu, na mimi ninayo, lakini hatutakutana kamwe. Ndiyo maana nakuomba ununue daftari kabla ya kufikiria lenzi.

Namna ya kufanya ni rahisi. Kila unapomaliza kumpiga mzee mmoja, mwandikie jina lake kamili kwenye karatasi kwa herufi kubwa, pamoja na kikosi alichokuwamo, cheo alichostaafu nacho, mwaka alioingia jeshini na mwaka aliotoka, vita au operesheni aliyoshiriki, na kijiji anachoishi. Kisha ipige picha karatasi hiyo papo hapo, kabla hujamgeukia mwingine. Kwa njia hiyo jina linakaa kwenye kadi moja na uso, likifuatana nao kwa mpangilio, na hata daftari likipotea hujapoteza kitu. Mwombe pia ruhusa ya kumrekodi kwa simu akilitaja jina lake kwa sauti yake, kwa sababu majina ya Kigogo, Kirangi na Kinyaturu huandikwa ovyo sana na sisi tunaotoka nje ya makabila hayo, na mzee akiona jina lake limekosewa huona umemkosea yeye mwenyewe.

Sasa, ni wazee gani hao utakaowakuta? Ni vizuri ulijue hili mapema ili usiulize maswali ya aibu. Wa Vita vya Kwanza vya Dunia hawapo tena, ingawa vita hivyo vilipita hapa hapa kwetu: mwaka 1916 Waingereza na Wajerumani walipigana Kondoa, na mwisho wa Julai mwaka huo majeshi ya Uingereza yakaingia Dodoma. Wengi waliokufa katika miaka ile hawakuwa na bunduki. Walikuwa wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi, na baada yao ikaja njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, iliyowaua watu wengi baada ya majeshi kuwachukulia watu nafaka, mifugo na nguvu kazi, na mvua nazo zikagoma. Ukikutana na familia iliyokuja na jina la babu wa aina hiyo, usiipite kwa sababu haina nishani ya kuonyesha. Wapige wote pamoja, na jina la marehemu uliandike kama unavyoandika la aliye hai.

Waliopigana Vita vya Pili katika King's African Rifles, kikosi cha kikoloni cha Waingereza hapa Afrika Mashariki, ambao baadhi yao walifika Uhabeshi, Madagaska na Burma, leo aliyekuwa kijana mdogo kabisa mwaka 1945 anakaribia au amepita miaka mia moja. Ukimpata mmoja, acha kila kitu kingine ukae naye. Lakini wengi utakaowaona ni wa vita vya Kagera, ambavyo wao wenyewe huviita vita vya Iddi Amini. Majeshi ya Uganda yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Kampala ikaangukia mikononi mwa majeshi yetu na ya Waganda waliokuwa uhamishoni mwezi Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni mwaka huo. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa yuko karibu na sabini. Kumbuka kwamba si wote walikuwa askari wa JWTZ: walikuwepo mgambo, polisi na vijana wa JKT, na mgambo mstaafu mara nyingi hukaa nyuma ya wenzake akijiona hastahili kupigwa picha. Mfuate huko huko nyuma.

Wako pia wasiokuwa wazee. Tanzania imepeleka walinda amani Lebanon, Darfur na Kongo, na tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu 14 waliuawa kwa siku moja huko Semuliki, mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo mjane wa miaka 35 aliyeshika picha ya mumewe ni sehemu ya shughuli hiyo sawasawa na mzee mwenye mkongojo. Tena, kwa kuwa uko mkoa huu, usishangae kusikia habari za Kongwa, ambako kuanzia miaka ya sitini wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini na nchi nyingine za kusini walikuwa na kambi zao. Wapo wazee waliowalinda, waliowapikia, na wengine waliooana nao. Hao hawamo kwenye gwaride lolote.

Nije kwenye shughuli yenyewe. Katika maadhimisho ya kitaifa, ambayo Dodoma imeyapokea zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni (ndipo hapo, tarehe 25 Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kuhamia Dodoma), huwa kuna gwaride la kumbukumbu, wimbo wa taifa, mlio wa tarumbeta la maombolezo na ukimya wa kuwakumbuka waliotangulia. Kisha silaha za jadi huwekwa kwenye mnara: Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mwakilishi wa wanajeshi wastaafu huweka shoka. Viongozi wa dini hufuata kwa sala na dua. Wapiga picha wote watajaza kadi zao kwenye mkuki na ngao. Picha yako wewe ni shoka, kwa hiyo jua mapema ni mzee gani atakayeliweka, anatembeaje, anatumia mkono upi, na kama atahitaji kushikwa kiwiko anaposhuka ngazi.

Utasimama pale utakapoambiwa usimame, na hapo hakuna mjadala. Rais akiwepo, maeneo ya wapiga picha hupangwa, vifaa hukaguliwa, na anayechelewa hubaki nje. Waombe viongozi wa umoja wa babu yako wakuandikie barua na kukuombea kibali kwa waandaaji wiki kadhaa kabla, wala usitegemee kwamba kitambulisho chako cha studio kitafungua geti. Lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 200 itakutosha kutoka mbali. Ndege isiyo na rubani iache nyumbani, kwa kuwa inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha wizara yenye dhamana ya ulinzi. Usielekeze kamera kwa walinzi wala kwenye njia zao za kupitia. Na siku ukialikwa kambini kumpiga mzee picha mbele ya kikosi chake cha zamani, usitoe kamera kwenye begi kabla hujapewa ruhusa na mwenye kambi, kwa sababu Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 haina mzaha na picha za maeneo yaliyozuiliwa. Jambo jingine la namna hiyo: usimwazime mtu kombati ili picha ipendeze. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa kisheria, na mzee mstaafu anajua vizuri anachoruhusiwa kuvaa na asichoruhusiwa.

Wakati wa ukimya mimi huishusha kamera. Wapo wenzangu wanaobishana nami kwamba kamera za siku hizi hazitoi mlio, na ni kweli, lakini mzee aliyesimama wima kwa shida, huku akimkumbuka mwenzake aliyemzika kwa mikono yake, anaona lenzi ikimzungukia hata kama haisikii. Picha ya mzee aliyesimama vile utaipata wakati wa wimbo wa taifa, ambapo nawe utakuwa umesimama mahali pamoja bila kutembea.

Picha bora zaidi, hata hivyo, hutazipata kwenye sherehe. Utazipata saa mbili kabla yake na nusu saa baada yake. Wazee huja mapema mno, ni tabia ya jeshi, na hukaa chini ya hema wakingoja, wakirekebishiana kola, wakiulizana nani amefariki tangu mwaka jana. Hapo ndipo uwepo. Wasalimie kwa utaratibu, shikamoo kwa kila mmoja wala si shikamooni moja ya kupita, na kwa wazee wa Kigogo ukiongeza “mbukwenyi” utaona viti vinasogezwa. Kumwita mtu “afande” hata kama alistaafu akiwa koplo hakukugharimu chochote. Usimuulize aliua wangapi. Ukitaka uso wake ulegee, muulize alikuwa wapi siku redio ilipotoa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978. Sijaona bado mzee wa vita vile asiyekumbuka, na wakati anakusimulia ataisahau kamera yako.

Kuhusu mwanga, una bahati kuliko unavyodhani. Dodoma iko nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, na mwishoni mwa Julai jua liko upande wa kaskazini kutwa nzima, kuanzia linapochomoza kabla kidogo ya saa 1 asubuhi mpaka linapotua. Maana yake ni kwamba upande wa kusini wa hema, ukuta au jengo lolote haupigwi na jua la moja kwa moja saa yoyote ya siku hiyo. Mweke mzee ukingoni mwa hema upande huo wa kusini, uso wake ukitazama nje kwenye uwazi, na utapata mwanga mpana na laini unaoingia mpaka ndani ya macho. Ardhi yetu nyekundu na kavu nayo inarudisha mwanga kutoka chini, inajaza kivuli cha chini ya kidevu bila ya kubeba kifaa chochote. Usimpige akiwa katikati ya hema, hasa kama turubai ni la buluu au kijani, kwa sababu rangi ile itamwagika usoni na hutaiondoa vizuri kwenye kompyuta.

Kwenye jua la wazi mambo ni mengine. Saa 3 asubuhi jua liko kiasi cha nyuzi thelathini tu juu ya upeo na bado linaingia chini ya ukingo wa kofia, lakini ifikapo saa 5 limepanda kupita nyuzi hamsini, na kila mwenye kofia yenye ukingo ana shimo jeusi mahali pa macho. Kama lazima umpige saa hizo, mwombe ainue kidevu kidogo, au mgeuze jua limpige mgongoni kisha upime mwanga wa uso peke yake. Hilo la kupima uso ndilo linalowashinda wengi. Kamera hutafuta wastani wa fremu nzima. Mzee mweusi ndani ya suti nyeusi huifanya ifungue mno na nishani zote kuungua ziwe nyeupe tupu, na mzee yule yule ndani ya shati jeupe huifanya ifunge mno na uso kuwa kama mkaa. Weka kamera kwenye kipimo cha doa, yaani kile kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu, pima shavu, halafu upange mwenyewe kwa mkono na usibadilishe mpaka mwanga ubadilike. Kivulini, f/4 kwa kasi ya 1/250 itakutosha. Gwaride linataka 1/500 au zaidi, na ukiwa umezoea kupiga wanaharusi wakicheza, gwaride halitakushinda.

Vumbi unalijua. Julai ni mwezi wa upepo hapa kwetu, kwa hiyo usibadilishe lenzi mahali pa wazi. Azima kamera ya pili ukiweza.

Upepo huo ndio unaonileta kwenye swali lako la machozi. Miaka mingi iliyopita nilimpiga mzee mmoja akifuta macho kwa leso wakati majina ya marehemu yakisomwa. Ilikuwa picha nzuri sana, na gazeti moja likaitoa likiwa na maelezo kwamba mzee alikuwa akiwalilia wenzake. Wiki mbili baadaye alinitafuta mpaka akanipata. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Aliniambia kwamba alikuwa na ugonjwa wa macho, upepo ukivuma humtoka maji, na kwamba wenzake walikuwa na makubaliano tangu mwaka 1979 ya kutolia mbele za watu, sasa anaonekana yeye ndiye aliyeyavunja. Sikuwa nimemwuliza kitu. Niliona chozi, nikaliandikia sababu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kupiga unaweza, lakini usichapishe kabla hujamwonyesha mwenyewe picha hiyo na kumwuliza ilikuwaje. Akisema alikuwa akilia na anakubali, andika hivyo. Akisema ni vumbi, andika vumbi, au iache. Akikataa, ifute mbele ya macho yake. Maelezo ya picha yaseme yale tu uliyoambiwa au uliyoona, na kama mzee amekusimulia jambo ambalo huna njia ya kulithibitisha, andika kwamba ni kwa maelezo yake. Hiyo si dharau, ni kumlinda yeye na wewe. Vivyo hivyo kwa mwenye mguu wa bandia au kiti cha magurudumu: shuka chini, lenzi iwe sawa na macho yake, na mguu uonekane kama yeye ataka uonekane.

Ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kusambaza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti ya kukusanya na kutumia taarifa za mtu, na kwa kazi ya aina hii nakushauri upate idhini ya maandishi yenye sentensi chache tu, ikieleza picha itaonekana wapi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya mwanawe. Wazee wengi watakuonyesha karatasi zao za jeshi na za pensheni kwa fahari, wengine watataka kupigwa picha wakiwa wamezishika. Wapige kama wanataka, lakini nakala ya kwenda mtandaoni hakikisha namba hazisomeki, kwa sababu matapeli wanaowawinda wastaafu wanasoma kila kitu. Na usimpe mtu wa kampeni au wa tangazo la biashara hata picha moja bila ya mwenye uso kujua.

Kuna kosa moja dogo la kitaalamu ambalo raia haoni lakini askari huliona kabla hajaona uso. Nishani huvaliwa kifuani upande wa kushoto. Kamera ya mbele ya simu nyingi hugeuza picha kama kioo, na watu wa kutengeneza kadi na kalenda nao hupenda kuigeuza picha ili uso utazame ndani ya ukurasa. Nishani zikihamia kulia, mzee atacheka kwa adabu na hataitundika. Usizisogeze pia kwa mkono wako ili zikae vizuri. Mwambie mwenzake amrekebishie, naye atazipanga kwa mfuatano unaostahili.

Hapo ndipo ushauri wa wenzako wa nyeusi na nyeupe unapoangukia. Utepe wa nishani husomwa kwa rangi zake: anayejua akiutazama anafahamu ni nishani ipi na imetolewa kwa kazi gani. Ukiziondoa rangi umefuta maandishi yaliyoandikwa kifuani mwa mtu, na umembakizia makunyanzi. Mimi nadhani tunapenda nyeusi na nyeupe kwa sababu inatufanya sisi wapiga picha tuonekane wazito. Toa zote za rangi. Kama moja imekugusa sana, itengenezee nakala ya pili ya nyeusi na nyeupe ukae nayo mwenyewe.

Mwisho ni kusafisha. Usiwatumie kwa simu peke yake, maana simu za wazee wengi ni za batani. Safisha kila mzee nakala mbili za saizi ya kati, moja ya kwake na moja ya mtoto wake mkubwa, na gharama hiyo uiingize kwenye makubaliano na umoja tangu mwanzo ili isikuelemee. Karatasi za picha za siku hizi zina utando wa plastiki nyuma, wino wa kalamu ya kawaida haukauki juu yake na huchafua picha iliyo chini yake kwenye rundo. Tumia kalamu ya wino usiofutika, ile nyembamba ya kuandikia sidii, uiache ikauke, na uandike nyuma ya kila picha yote yaliyo kwenye daftari lako, kuanzia jina. Kisha uwapelekee kabla ya Septemba, kabla hawajaanza kushughulika na mashamba kungojea mvua, na ukienda usisahau kumbebea babu yako ya kwake wa kwanza, kwa kuwa ndiye atakayekaguliwa na wenzake kama mjukuu wake anaijua kazi.